Alhamisi Kuu imerudi tarehe 2 Aprili

Wasee, fungueni kalenda ya simu. Pasaka ya mwaka huu, 2026, ni Jumapili tarehe 5 Aprili. Sasa rudini hadi 2015: Pasaka ilikuwa Jumapili tarehe 5 Aprili. Katikati hapo hakuna mwaka hata mmoja ambao ililingana hivyo. Kwa wengi wetu hiyo ni stori ya tarehe tu. Lakini kuna familia zimeizoea tarehe 2 Aprili kama siku moja mbaya na Alhamisi Kuu kama nyingine, na mwaka huu zinazibeba zote kwa siku moja.

Naongea juu ya Garissa. Ile Alhamisi ya 2015, Al-Shabaab waliingia chuo kikuu alfajiri, jua halijatoka. Kati ya wanafunzi wa kwanza kuuawa ni wale wa CU waliokuwa wameamkia maombi. Mpaka usiku ulipoingia watu 148 walikuwa wamekufa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Mimi nilikuwa darasa la sita. Leo nimewapita umri wengi wao, na hiyo kitu hunikalia vibaya sana.

Stori ya Garissa huwa tunaisimulia kwa upande wa bunduki. Kikosi maalum kilichelewa, onyo lilikuwepo, nani alaumiwe. Ni sawa, hayo maswali yaulizwe. Lakini kuna upande mwingine ambao haupati kamera, na huo uliendelea wiki nzima.

Kwa Mkatoliki, Jumamosi kabla ya Pasaka ni siku ya ajabu. Mchana hakuna misa. Altare imevuliwa vitambaa, watu wanangoja tu giza liingie mkesha uanze. Jumamosi ya 2015, wazazi kutoka kila pembe ya nchi walikuwa Nairobi, wengine Uwanja wa Nyayo, wengine mochari ya Chiromo, wakingoja kuambiwa ni yupi wao. Miili mingine ilikuwa ngumu kutambua, kwa hivyo kungoja kulikuwa kwa siku kadhaa. Jumamosi hiyo hiyo, kule chuoni, msichana wa miaka 19 alipatikana hai ndani ya kabati, siku mbili baada ya shambulio. Manze.

Na Jumapili, Garissa, watu walienda kanisani. Hapo ndipo mimi husimama. Kanisa kuu la Katoliki pale lilikuwa limeshashambuliwa tarehe 1 Julai 2012, siku moja na kanisa la AIC ambako watu wengi waliuawa wakiwa ibadani. Baada ya 2012 viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kulinda makanisa. Kwa hivyo waumini wa 2015 hawakuwa watu wasiojua hatari. Walipita kwa walinzi wenye bunduki ndio waingie kusherehekea ufufuko, na wenzao waliokuwa wakikaa nao kwenye mabenchi wako mochari. Unaimba vipi Aleluya hapo? Enyewe sijui, lakini waliimba.

Mbali na Garissa kazi ilikuwa ya kawaida zaidi, na ndiyo ninayoiheshimu. Kila mwili ulirudi kijiji fulani, na kila kijiji kina watu wa kanisa wanaojua matanga yanaendeshwaje: nani anaandika mchango, nani anakopesha sufuria kubwa, nani analala na mama wa marehemu asiachwe peke yake. Sisi vijana hucheka hizo jumuiya ndogondogo, ati ni za kina mathe wa chai na umbea. Lakini Aprili ile kulikuwa na pande mbili. Mitandaoni tulisema hawa si namba tu, tukaweka majina na picha, na hiyo ilikuwa muhimu. Upande ule mwingine ulibaki na mzazi mwezi wa tatu, wakati sisi tumeshahamia stori ingine.

Ndio maana nawaomba wale walio kwaya, CU na vikundi vya vijana: kabla ya Alhamisi Kuu, ulizeni kama parokia yenu ina familia ya Garissa. Iko nyingi kuliko mnavyodhani, kwa sababu wanafunzi walitoka kote. Msiende na kamera. Msiende pia na hotuba ya kusamehe, kwani hamjatumwa. Nendeni na sukari, unga na muda. Muulizeni mama alikuwa anasoma kozi gani, alipenda kula nini, alikuwa anaimba sauti ya ngapi. Kama hataki kuongea, osheni vyombo.

Na msisahau waliotoka hai. Wengi walihamishiwa Moi, Eldoret, kumaliza masomo, na wana miaka thelathini na kitu sasa. Wengine mnasali nao kila Jumapili, kwenye benchi moja, na hamjui.