Gobore lililoachiwa mlango

Mlowo, wilayani Mbozi, iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na zamani jambo hilo lilikuwa na uzito wa kisheria. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya, na Sultani wa Zanzibar pia, yalikubaliana katika Mkataba wa Brussels kukomesha biashara ya watumwa. Humo humo wakazuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini. Zilizoachiwa mlango ni bunduki kuukuu za kushindilia baruti kupitia mdomo wa bomba, yaani magobore. Wakubwa wale walijua fika ni bunduki ipi ingewasumbua.

Gobore likabaki vijijini. Halihitaji kiwanda: bomba la chuma, kitako cha mti, baruti, vipande vya chuma. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wakiyeyusha na kufua chuma chao kabla Mjerumani hajafika, na mkulima anayeliwa mahindi na nguruwe pori hakuhitaji maelezo marefu.

Wajerumani walidai kibali, Waingereza wakadai, na baada ya Uhuru kibali hakikuondoka. Bunge lilipitisha sheria ya silaha mwaka 1991, kisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Gobore nalo ni silaha, liwe limetengenezwa kiwandani au nyuma ya nyumba. Mwenye leseni akifariki, bunduki yake hairithiwi kama shamba la kahawa. Hukabidhiwa polisi, na mrithi anayeitaka huomba leseni yake mwenyewe.

Marekani wameelekea kwingine. Jimbo la Vermont halijawahi kudai kibali cha kuficha bastola chini ya koti. Alaska ilikiondoa mwaka 2003, na kufikia 2024 majimbo ya namna hiyo yalikuwa 29. Kule kubeba silaha ni haki ya kikatiba. Huku, tangu bendera ya kwanza ya kigeni, ni ruhusa ya Serikali, na sioni chama chochote kikiomba kura kwa kuahidi kuibadili.

Adhabu ndiyo iliyopanda. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, makosa ya uhujumu uchumi, la kumiliki silaha kinyume cha sheria likiwamo, yana kifungo cha miaka 20 hadi 30. Ndiyo maana Serikali hufungua vipindi vya msamaha, kama Septemba na Oktoba 2023: mwenye gobore alilipeleka kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa, akarudi nyumbani bila kushtakiwa.