Mkunga wa Basotu na Kazi Zisizoandikwa

Anayetaka kuifahamu historia ya utamaduni wa taifa letu hana budi kuyachunguza pia mambo madogo ya kila siku. Katika makala haya tutaitazama kazi ya muuguzi mkunga huko Basotu, wilaya ya Hanang, katika mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002. Kila mtu ajua kwamba mkunga huzalisha. Lakini zipo kazi nyingine ambazo vitabu vya mafunzo havizitaji, na mgeni huziona za ajabu. Je, zilitoka wapi?

Basotu ni nchi ya malisho ya Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga. Kwao uzazi ulikuwa shughuli ya wanawake, na wanawake walikuwa na mamlaka ya kuilinda. George Klima, mtaalamu wa Kimarekani aliyechunguza maisha yao katika miaka ya 1950, ameeleza habari za baraza la wanawake liitwalo girgwageda gademga. Baraza hilo liliweza kumhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake na kumtoza ng'ombe dume. Basi mama aliyejifungua hakuwa mnyonge: nyuma yake walisimama wenzake wote.

Mwaka 1955 hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa na wamisionari wa Norwe katika nchi jirani ya Mbulu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilizidi kupeleka zahanati na vituo vya afya vijijini, na mwaka 1974 ukaanzishwa mpango wa taifa wa afya ya mama na mtoto. Muuguzi aliyetoka mbali alifika na kanzu nyeupe, mizani na daftari, akawakuta wanawake ambao tayari walikuwa na taratibu zao.

Kazi yake ya kwanza isiyoandikwa ni ya lugha. Katika wilaya za Mbulu na Hanang na majirani zao husemwa Kidatoga, ambacho ni cha jamii ya Kiniloti. Kiiraqw, cha Kikushi. Kinyaturu na Kinyiramba, vya Kibantu. Na Kihadza chenye sauti za kidoko. Mwanamke aliye katika uchungu huomba kwa lugha ya mama yake, na mkunga asiyejua neno la maji au la damu katika lugha hiyo atachelewa kumsaidia.

Kazi ya pili ni ya kuhesabu. Mama asiyetumia kalenda hueleza mwanzo wa mimba yake kwa mwezi ulioandama, mvua au mavuno, na mkunga hana budi kuyageuza hayo kuwa tarehe. Tena huandika majina. Apaswa kujua kwamba kwa Wadatoga majina mengi ya wanaume huanza na Gida na ya wanawake na Uda, na kwamba Tluway kwa Kiiraqw ni mvua. Akikosea herufi, mtoto atalibeba kosa hilo hadi shuleni.

Kisha yako mambo ya heshima. Katika jamii nyingi za nchi yetu kondo la nyuma huzikwa, halitupwi. Kwa hiyo bibi wa mtoto akilidai, mkunga humsikiliza. Hukaa na mama mkwe, humtuliza mume aliyesimama mbali, na humpa mkunga wa jadi aliyemleta mgonjwa nafasi ya kuketi.

Mtu aweza kudhani kwamba hayo yote ni upotezaji wa wakati. Sivyo hata kidogo. Mama aliyedharauliwa safari hii atajifungulia nyumbani safari ijayo, na kutokwa damu baada ya kuzaa kwaweza kuua kwa saa chache tu. Huko Basotu safari yenyewe ni ndefu, na mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa tangu mwaka 1970 kwa msaada wa Kanada yalifunga baadhi ya njia za kale za watu na mifugo.

Kwa maoni yetu, basi, kazi hizi si nyongeza ya uuguzi. Ni ulinzi ule ule ambao baraza la wanawake liliutoa zamani, na sasa sehemu yake imemwangukia mtumishi mmoja. Twawaomba walimu wawatume wanafunzi kwa wakunga wazee wa vijiji vyao, wa jadi na wa zahanati, wakawaulize na kuandika majibu yao wangali hai.