Filamu bubu za kauboi

Filamu bubu za kauboi ni sinema za farasi, kamba na bastola zilizotengenezwa bila sauti, hasa Marekani, hadi mwishoni mwa miaka ya 1920. Ya awali iliyovuma ni The Great Train Robbery ya Edwin S. Porter (1903), yenye dakika 12 hivi.

Afrika Mashariki nayo ilipata makauboi wake. Mwaka 1910 Charles “Buffalo” Jones, aliyewahi kuwinda nyati wa Marekani, alikuja Kenya ya leo na wenzake Marshall Loveless na Ambrose Means. Wakiwa juu ya farasi, walinasa kwa kamba simba jike, kifaru na twiga, huku Mwingereza Cherry Kearton akiwapiga picha za sinema.

Wakusanyaji huzisaka filamu hizi kwa sababu ni adimu. Utafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani wa 2013 ulionyesha kuwa takriban asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za nchi hiyo zimepotea. Utepe wa nitrati uliotumika kuzitengeneza hushika moto upesi na huoza haraka penye joto. Kwa hiyo stoo ya mabati yenye joto haiufai. Nakala za nyumbani za milimita 9.5 za Pathé (zilizoanza 1922) na 16 za Kodak (zilizoanza 1923) ni salama zaidi.