Maziwa ya Kibuyu na Kolesteroli: Chimbuko la Utafiti wa Probiotiki

Utafiti unaohusisha probiotiki, yaani bakteria hai ambao wakiliwa kwa kiasi cha kutosha humletea mlaji manufaa ya kiafya, na kupungua kwa kolesteroli, mafuta ya damu ambayo yakizidi hujenga utando ndani ya mishipa, ulichipuka katika maboma ya Wamaasai.

Mwaka 1964, George V. Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Kimaasai wa Tanganyika, waliokuwa wakiishi hasa kwa maziwa na nyama, na ambao, kinyume na nadharia iliyotawala wakati huo kuhusu mafuta ya wanyama, walikutwa na kolesteroli ya chini na dalili chache za ugonjwa wa moyo.

Miaka 10 baadaye, Mann na Anne Spoerry, daktari aliyewafikia wagonjwa wa Kenya kwa ndege, walichapisha jaribio la wanaume 24 wa Kimaasai walionyweshwa maziwa mgando kwa wingi, baadhi yao wakiongezewa kemikali ya kuchanganyisha mafuta na maji, ambayo ilitarajiwa kupandisha kolesteroli. Kolesteroli ilishuka katika makundi yote mawili, ingawa wanywaji walinenepa. Jaribio lilikuwa dogo, tena halikukusudiwa kupima maziwa yenyewe. Hata hivyo, ndilo lililowageuza watafiti kutoka kwenye kemikali hadi kwenye kinywaji.

Kinywaji hicho, ambacho Wamaasai hukiita kule naoto, hutengenezwa kwa maziwa mabichi yanayogandia katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha mti wa oloirien, mzeituni wa mwituni, bila kuongezwa kimea cha dukani. Julius Mathara na wenzake, walipoyachunguza maziwa ya Wamaasai wa Kenya mwaka 2004, waliwakuta humo bakteria wengi wa jamii ya Lactobacillus, na baadaye wakawapima uwezo wao wa kustahimili nyongo na kufyonza kolesteroli. Ujuzi wa akina mama wa Kimaasai, wanaotunza vibuyu hivyo, unastahili kutajwa katika historia hii kwa heshima ileile wanayopewa wanasayansi.

Uwezo wa kufyonza ulikwisha kuonyeshwa maabara mwaka 1985 na Stanley Gilliland na wenzake wa Oklahoma. Njia nyingine ya kupunguza kolesteroli inapitia kwenye nyongo: baadhi ya bakteria huwa na kimeng'enya kinachovunja chumvi za nyongo, zikapotea kwa choo badala ya kurudi kwenye ini, nalo ini likalazimika kutumia kolesteroli ya mwilini kutengenezea chumvi nyingine za nyongo.

Mwaka 2012, jaribio la watu 127 lililoongozwa na watafiti wa Kanada lilionyesha kuwa vidonge vya aina moja ya Lactobacillus reuteri vilipunguza kolesteroli mbaya, ile inayojenga utando ndani ya mishipa, kwa takriban asilimia 12 katika wiki 9. Matokeo hayo ni ya aina hiyo peke yake. Hayathibitishi kila mtindi uuzwao, wala hayampi mgonjwa ruhusa ya kuacha dawa alizoandikiwa.