Fulani bin Fulani: Nasaba ya Romu za Simu

Ukutani kwenye kibanda changu, juu ya taa ninayomulikia mabodi, nimebandika karatasi yenye neno moja refu: lineage, kistari, 14.1, kistari, tarakimu nane za tarehe, halafu nightly, halafu bacon, halafu signed. Wateja hudhani ni nywila ya wai-fai. Kijana mmoja aliichapa mara tatu kwenye simu yake kabla ya kuniuliza mbona haikubali.

Ni jina la faili. Ndani ya faili hiyo mna romu, yaani mfumo mzima wa simu, na kwa sisi tulioanza kuflashi simu, yaani kuzibadilishia mfumo, hapa Mombasa zamani za simu ya Ideos, jina lake linasomeka kama jina la mtu wa kwetu. Mtu akikwambia anaitwa Salim, bado hujamjua. Utamjua akisema Salim bin nani, babu yake nani, mtaa gani. Vijana wanaoniambia, "Fundi, si zote ni Android tu?" huwajibu kwamba ndiyo, na sisi nasi sote ni wana wa Adamu.

Babu wa romu hizi alizaliwa kwa kosa. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliingia madukani Marekani Oktoba 2008 kwa jina la T-Mobile G1. Ilikuwa na kibodi ya kutelezesha chini ya kioo. Wiki chache baadaye watu wakagundua jambo la ajabu: kila ulichochapa, mbali na kwenda pale ulipokusudia, kilipelekwa pia kwenye sehemu ya mfumo inayopokea amri na kutekelezwa kama amri ya mwenye mamlaka yote. Ukimwandikia mwenzako neno "reboot" kisha ukabonyeza kitufe cha kuingiza, simu inazima na kuwaka upya. Google walilirekebisha haraka kwa toleo lililoitwa RC30, lakini wadadisi walikwisha kuuona mlango. Walizirudisha simu zao kwenye RC29 yenye kosa, wakaingia, kisha wakapanda RC30 iliyochezewa ili mlango usifungwe nyuma yao. Aliyekuwa akitengeneza matoleo hayo yaliyochezewa alijulikana kwa jina la JesusFreke. Alipochoka, mwaka 2009, aliwaelekeza watu kwa mwenzake, Steve Kondik, aliyejiita Cyanogen. Romu ya Kondik ikawa CyanogenMod, na huyo ndiye baba wa nusu ya romu nilizowahi kushika.

Mimi nilikutana nayo mwaka 2011. Safaricom walikuwa wameleta Kenya simu ya Huawei iitwayo Ideos, kama shilingi 8,000 hivi, na ghafla kila kijana akawa na Android mfukoni. Ilikuwa simu ndogo yenye kumbukumbu ndogo zaidi. Ukiweka programu sita saba inalalamika kwamba nafasi imekwisha. Nikasikia kuna CyanogenMod 7 ya Ideos inayoruhusu kuhamishia programu kwenye kadi. Nikaipakua usiku kucha kwa bando, nikaiweka kwenye simu ya mteja, ikawaka vizuri, kioo na mguso sawa. Mteja akaichukua akaenda zake. Baada ya saa moja alirudi akifoka: "Fundi, umenila Market yangu!" Kweli, duka la programu halikuwepo. Wala Gmail, wala ramani, wala YouTube.

Nilijiona nimefanya kosa la kiufundi. Kumbe nilikuwa nimejikwaa kwenye kesi ya miaka miwili nyuma. Google huitoa Android yenyewe kwa leseni huria. Kila mtu anaweza kuchukua msimbo wake, akaukata na kuushona anavyopenda. Lakini programu zao, duka na barua pepe na ramani, si sehemu ya zawadi hiyo. Hizo hupewa kampuni zilizoweka mkataba. Kondik alikuwa akizifunga ndani ya romu yake, na Septemba 2009 akapelekewa barua ya kisheria ya kumtaka aache. Vijana wa mambo haya walikasirika, wengine wakadhani ndio mwisho. Suluhisho lilikuwa la kitaalamu na la kisheria kwa pamoja: romu itolewe bila programu za Google, na anayezitaka azipakue peke yake katika faili ya pili, maarufu kama gapps, azirudishie mwenyewe kwenye simu yake. Tangu siku hiyo romu nyingi hutembea kwa miguu miwili, na fundi anayesahau mguu wa pili hupigiwa kelele kama nilivyopigiwa.

Namba, ile 14.1, haina hadithi kubwa. Ni hesabu ya CyanogenMod wenyewe ya matoleo: 7 ilikuwa Android 2.3, 9 ikawa 4.0, 14.1 ikawa 7.1. Namba 8 haipo kwa sababu Google hawakutoa msimbo wa Honeycomb, Android ya tableti, wakati wake.

Neno nightly ndilo limenitia hasara kuliko yote. Usiku, seva zao huchukua mabadiliko yote yaliyokubaliwa mchana na kuyajenga yawe romu. Hakuna binadamu aliyeijaribu. Wewe ndiye wa kwanza. Enzi za CyanogenMod walikuwa na daraja zake: matoleo ya usiku, baadaye yakaja ya kila mwezi yenye herufi M, halafu ya kungoja kuidhinishwa, halafu imara. Na walisema wazi kwamba ukipata hitilafu kwenye toleo la usiku usiwaletee malalamiko. Mimi nilikuwa nikiona tarehe mpya naona ubora mpya. Nilimwekea mwalimu mmoja toleo la jana usiku, kila kitu sawa, mpaka ilipofika mahafali ya shule yake akafungua kamera, ikafunga. Akafungua tena, ikafunga. Nilimrudishia pesa zake, na picha sikuwa na za kumrudishia. Kichekesho ni kwamba Lineage, warithi wa CyanogenMod, walipoanza mwaka 2017 walitoa matoleo mara moja kwa wiki kwa kila simu, na neno nightly likabaki palepale, kama mtu anayeitwa Kijana hata akiwa na wajukuu.

Sasa bacon. Mimi Mswahili wa Mombasa, na kwa Kiingereza hiyo ni nyama ya nguruwe. Nashukuru haikunilazimu kuila. Ni jina la ndani la simu ya OnePlus One. Kila simu ina jina lake la uani ambalo mwenye simu hulisikia mara chache, na fundi asiyelijua ataua simu za watu. Kompyuta hazina adabu hii: diski moja ya Linux huwasha mashine za kampuni nyingi. Simu hazikubali. Kila chipu, kila kamera, kila redio huhitaji kiendeshi chake, na viendeshi vingi ni faili zilizofungwa ambazo mtengenezaji hakutoa msimbo wake. Wajenzi wa romu huzinyofoa kwenye mfumo wa kiwandani na kuzipandikiza kwenye wao. Romu iitwayo Replicant, iliyoanza mwaka 2010 palepale kwenye HTC Dream, ilikataa kupandikiza kitu chochote kilichofungwa. Uchamungu huo una gharama: kwenye simu nyingi za Replicant wai-fai haifanyi kazi bila kuongezewa kile kile walichokikataa.

Hapo ndipo lilipo pia jibu la swali ninaloulizwa kila wiki, kwa nini simu za bei nafuu zilizojaa mjini hazina romu za maana. Nyingi hutumia chipu za MediaTek. Kiini cha mfumo wao ni Linux, na leseni ya Linux inamtaka mwenye kuuza simu atoe msimbo wa kiini alichokibadilisha. Wengi wa waliouza simu hizo hawakuutoa. Bila msimbo huo mjenzi anapapasa gizani, na anachokupa mwishoni mara nyingi ni mfumo uleule wa kiwandani uliopakwa rangi.

Bacon ina ukurasa wake katika historia, kwa sababu inaangukia katikati ya ugomvi wa ukoo. Septemba 2013 Kondik na wenzake walitangaza kampuni, Cyanogen Inc., yenye dola milioni 7 za wawekezaji. Mwezi huohuo mtunzi wa programu nzuri ya kamera iliyoitwa Focal aliiondoa kwenye CyanogenMod, akidai walitaka kubadili leseni yake ili kampuni iitumie kibiashara. Baadhi ya waliochukizwa wakajenga romu yao, OmniROM. Mwaka 2014 ikatoka OnePlus One, romu ya Cyanogen ikiwa ndani tangu kiwandani. Nilipoishika ya kwanza, ya mteja aliyeletewa na kaka yake kutoka Dubai, niliigeuzageuza kama mtu aliyekutana na mtoto wa mtaani kwao kavaa suti.

Suti haikudumu. Kampuni ya Cyanogen iliwapa watengeneza simu Micromax haki ya pekee ya kuuza simu zenye mfumo wake nchini India, nchi ambayo OnePlus walikuwa wakiingia kuuza simu hiyohiyo. Desemba 2014 wakafikishana Mahakama Kuu ya Delhi, na mauzo ya OnePlus One yakazuiwa kwa muda. OnePlus wakajitengenezea mfumo wao, OxygenOS. Cyanogen ikabaki inatafuta wabia, Kondik mwenyewe akatengana na kampuni aliyoianzisha, na kabla tu ya Krismasi 2016 likatoka tangazo kwamba huduma zote zitazimwa ifikapo tarehe 31 mwezi huo. Siku chache tu. Jina lilikuwa mali ya kampuni, hivyo waliojitolea miaka yote hawakuweza kuondoka nalo. Walichukua msimbo, uliokuwa huria, wakauita Lineage. Ndiyo maana nikaibandika karatasi ile. Lineage maana yake ni nasaba. Watu walionyang'anywa jina la baba walijiita Ukoo, na sijawahi kusikia jibu la kesi ya urithi lililo zuri kuliko hilo.

Limebaki neno la mwisho, signed, yaani imetiwa sahihi. Wateja hawalijali hata kidogo. Romu ya maana hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri wa mjenzi, na simu hulinganisha sahihi kabla ya kuamini kwamba programu hii mpya ni ndugu wa ile ya zamani. Kwa sababu funguo za Cyanogen na za Lineage ni tofauti, huwezi kumwaga moja juu ya nyingine na data ikasalimika. Mwanzoni mwa 2017 Lineage ilibidi watengeneze matoleo maalumu ya kuvushia data, yenye alama iliyoandikwa juu ya kioo ili mtu asije akakaa nayo.

Toronto, Kanada, sahihi ilikwamisha romu nzima. CopperheadOS ilikuwa imejengwa kwa ajili ya usalama na watu wawili, James Donaldson na Daniel Micay. Mwaka 2018 wakagombana juu ya nani anamiliki nini. Micay, aliyekuwa ameshika funguo, aliziharibu. Tangu hapo hakuna aliyeweza kutuma sasisho kwa simu zilizokuwa na romu hiyo. Kazi yake ikaendelea kwingine, leo inajulikana kama GrapheneOS, na huwekwa kwenye simu za Pixel.

Na kuna romu zisizo na sahihi ya mtu. Android hutolewa na funguo za majaribio ambazo zimo ndani ya msimbo, kila mtu duniani anazo. Mjenzi mvivu huzitumia hizo. Ukifungua mipangilio ya simu, sehemu ya kuhusu simu, namba ya toleo mara nyingi itaishia na maneno test-keys. Ni kitasa ambacho ufunguo wake unauzwa kila duka.

Mwezi uliopita kijana aliniletea faili ya namna hiyo kwenye kadi, haina jina la mjenzi wala tarehe. Nilimwonyesha karatasi ya ukutani, nikamsomea kipande kwa kipande, kisha nikamwonyesha yake: haina baba, haina babu, haina sahihi. Nikamwambia na programu ya benki huenda ikaikataa. Alisikiliza kwa heshima zote.

"Sawa, mzee wangu. Na kamera yake je?"

Nikamwambia ninavyosikia, kamera ni nzuri.

"Basi niwekee hiyo."