Kreta Isiyoenea Kwenye Picha

Kutoka Karatu, ukishapita lango la Loduare, barabara hupanda msituni hadi kwenye ukingo wa Ngorongoro. Hapo kila mgeni hutoa kamera, na karibu kila mgeni huondoka na picha pungufu. Chanzo ni jiometri. Aliyesimama kwenye mzingo wa duara akitazama ncha mbili za kipenyo chake, ncha hizo hufanya pembe ya nyuzi 90 mbele ya macho yake. Kreta si duara kamili, ila inakaribia: upana wake hufika takriban kilomita 19, na sakafu iko mita 600 hivi chini ya miguu yako.

Mwaustria Oscar Baumann alipofika hapa mwaka 1892, nchi ambayo Wamaasai walikuwa wakiijua vizuri, picha nyingi bado zilipigwa kwa vioo vizito na kamera za miguu mitatu. Kamera ya Leica iliyoingia sokoni mwaka 1925 ilitosha mkononi, lakini lenzi yake ya milimita 50 huona nyuzi 40 tu kwa mlalo. Zaidi ya nusu ya kreta inabaki nje. Lenzi ya milimita 35 ya mwaka 1930 ilifikia nyuzi 54. Lenzi ya Hektor ya milimita 28, mwaka 1935, ilifika 65, kwa tundu dogo la kupitisha mwanga, la f/6.3.

Kupanua pembe kuna gharama. Kwa lenzi ya kawaida, mwanga unaoingia kwa mshazari wa nyuzi 45 huifikia filamu ukiwa robo tu ya ule wa katikati, ndiyo maana kona za picha huwa na giza. Mistari nayo hupinda. Ngorongoro haimfichii mtu kasoro hii: weka ukingo wa mbali juu kabisa ya picha, na lenzi mbovu itaukunja kama upinde. Miti ya msitu wa Lerai ikiangukia kwenye kona, itavurugika kama rangi iliyomwagiwa maji.

Mrusi Mikhail Rusinov alionyesha njia mwaka 1946: vioo vikubwa vilivyobonyea vipangwe mbele na nyuma ya tundu, kila upande ukisahihisha kosa la mwenzake, na kona zipate mwanga zaidi. Mwaka 1954 kampuni ya Zeiss ikatoa Biogon ya milimita 21 kwa ajili ya kamera ya Contax, lenzi iliyobuniwa na Ludwig Bertele. Inaona nyuzi 81 kwa mlalo, na mistari yake hunyooka karibu kabisa. Iliwezekana kwa sababu Contax ni renjifainda, kamera ya kupima umbali kupitia kidirisha cha pembeni. Ndani haina kioo cha kuakisi, kwa hiyo kioo cha nyuma cha lenzi kinaweza kuisogelea filamu hadi kubakiza milimita chache. Kwangu huo ndio uhandisi mzuri kuliko wote katika historia ya kamera ndogo.

Mwaka 1959, Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti kuwa Eneo la Hifadhi, Japani ilitoa Nikon F, yenye kioo cha kuakisi. Lenzi yake ya milimita 21 ilifuata umbo lile lile la ulinganifu, hivyo mpigapicha alilazimika kukiinua kioo na kukifunga huko juu, kisha atazame kupitia kidirisha kilichopachikwa nje. Kamera mpya ilikuwa inaazima jicho la ile ya zamani.

Mwaka 1999 kampuni ya Cosina ya Japani ikauza lenzi ya Heliar ya milimita 15 kwa kamera za renjifainda: nyuzi 100. Kwa lenzi hii kipenyo kizima kinaingia, ukingo kwa ukingo, na mstari wa mbali umenyooka. Kona za anga zina giza, na Ziwa Magadi limebaki kama punje ya mchele katikati ya filamu.