Vitabu vya marejeo kuhusu panga na deraya za Zama za Kati

Anayetaka kufahamu askari wa Ulaya walivaa nini na walipigana kwa silaha zipi kati ya mwaka wa 1000 na 1500 hana budi kuanzia kwenye vitabu vya marejeo, kwani vifaa vyenyewe vilivyosalia ni haba. Chuma huliwa na kutu, na deraya iliyochakaa ilifuliwa upya ikawa kitu kingine. Waandishi wengi kwa hivyo waliegemea michoro na sanamu za makaburini, na hapo ndipo makosa yalipozaliwa.

Kosa mashuhuri ni la Mwingereza Samuel Rush Meyrick, mwanasheria na mkusanyaji wa silaha, aliyechapisha mwaka wa 1824 kitabu chenye juzuu tatu kuhusu deraya za kale. Meyrick aliona kwamba pete za chuma zilichorwa kwa namna mbalimbali. Katika mchoro mmoja zilikuwa duara zilizotengana, katika mwingine mistari iliyopishana, na kwingineko safu safu. Akaamua kwamba kila namna ya uchoraji ilikuwa aina ya vazi, akaipa jina lake.

Ukweli ni kwamba wachoraji hao walikuwa wakitafuta njia nyepesi ya kuonyesha kitu kimoja tu, yaani vazi la pete zilizoshikamana, aghalabu kila pete ikipitia nyingine nne. Claude Blair, katika kitabu chake European Armour cha mwaka wa 1958, aliziweka kando aina hizo za kubuni. Hata hivyo, baadhi ya majina hayo hayakufa. Yaliingia katika mchezo wa Dungeons & Dragons uliotoka mwaka wa 1974, na wapo vijana walioyakariri kana kwamba ni historia. Kitabu cha Blair, ingawa ni cha zamani, ndicho cha kumpa anayeanza.

Kwa upande wa panga, jina lisiloepukika ni Ewart Oakeshott (1916-2002). Hakuwa profesa, alikuwa mchoraji kwa kazi yake. Huenda ndiyo sababu aliyatazama maumbo kwa makini kuliko wasomi wengi. Jan Petersen wa Norway alikuwa amezipanga panga za Waviking mwaka wa 1919 kwa kufuata umbo la mpini, na mwaka wa 1927 Mortimer Wheeler akaurahisisha mpango huo ukawa na aina saba. Oakeshott aliongeza mbili za mpito, kisha akaanza mpangilio wake mwenyewe kwenye namba X hadi XXII.

Tofauti ni kwamba yeye alifuata bapa la upanga. Aina ya X ni pana na nyembamba kwa unene, ya kukata. Aina ya XV ni ngumu, imechongoka, na kazi yake ni kuchoma. Badiliko hilo lina sababu yake: kadiri askari walivyojifunika mabamba ya chuma katika karne ya 14, ndivyo ilivyobidi ncha ya upanga itafute upenyo kwapani au usoni. Kitabu chake cha Records of the Medieval Sword cha mwaka wa 1991 kina picha za panga nyingi, na kinafuta dhana kwamba zilikuwa nzito mno. Upanga wa kawaida wa mkono mmoja ulikuwa na uzani wa kilo moja na ushei.

Lakini kitabu kinachogusa moyo kuliko vyote ni kile cha Bengt Thordeman wa Uswidi, kilichotoka mwaka wa 1939 na 1940, kuhusu vita vya Visby. Mnamo Julai 27, 1361, jeshi la Mfalme Valdemar IV wa Denmark liliwakabili wakulima wa kisiwa cha Gotland nje ya kuta za mji huo. Wakulima walichinjwa, na siku mbili baadaye mji ukasalimu amri.

Waliouawa walizikwa katika makaburi ya halaiki, wengi wakiwa bado wamevaa mavazi yao ya vita, jambo lisilo la kawaida kwani deraya ilikuwa mali ya kunyang'anywa. Aghalabu husemwa kwamba joto la kiangazi liliwaharakisha wazikaji. Wachimbuaji wa karne ya 20 walitoa mabaki ya watu 1,185, wakiwemo vijana wadogo, wazee na vilema. Majeraha mengi ya kukatwa yalikuwa miguuni, chini ya pale ngao ilipofika. Nyingi za deraya zilikuwa za mtindo uliokwisha kupitwa na wakati. Hakuna sanamu ya kaburini inayoweza kumweleza msomaji hali ya mkulima aliyeitwa vitani ghafla.

Alan Williams naye aliliendea suala kwa darubini. Katika The Knight and the Blast Furnace (2003), kitabu cha kurasa zaidi ya 900, alichunguza chembe za chuma za mamia ya deraya ili ajue ipi ilikuwa ya chuma laini na ipi ya chuma cha pua kilichotiwa makali kwa moto na maji. Si kitabu cha kusoma kitandani, na bei yake si ya mshahara wa mwalimu.

Atakaye kuvuka mipaka ya Ulaya Magharibi amtafute David Nicolle, ambaye kazi yake ya mwaka wa 1988 kuhusu silaha za enzi ya Vita vya Msalaba imejaa michoro ya vifaa vya Waislamu na Wabizantini pia.

Vile vile kuna vijitabu vya kampuni ya Osprey vya mfululizo wa Men-at-Arms, vilivyoanza mwaka wa 1971, vyenye picha za rangi za kuvutia. Nyingi zilichorwa na Angus McBride, aliyeishi Cape Town kwa miaka mingi na kufariki mwaka wa 2007. Msomaji asiishie kwenye picha. Asome pia maelezo yaliyo nyuma, kwa kuwa humo ndimo mwandishi hutaja kipi kilitoka kaburini, kipi kilitoka kwenye sanamu, na kipi ni makisio ya mchoraji.